Barua ya wazi: Kode ya Numeriki mliyotuwekea, tupeni kwa Kiswahili

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye kusimamia mambo ya numeriki, Kinshasa,
kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
na kwa wabunge wote tuliowapigia kura huku kwetu.

Waheshimiwa, jambo yenu.

Nawaandikia kutoka Kamalondo, Lubumbashi, katika chumba kidogo cha barabarani ambamo natengeneza tovuti za wafanyabiashara. Kazi hii naifanya tangu 2016. Wateja wangu ni watu mnaopishana nao kila mkija mjini kwetu: baba anayeuza vipuri vya magari, dada mshonaji, mama anayeoka keki za ndoa, mzee mwenye nyumba za kupangisha kule mtaa wa Golf. Kompani za migodi hazimo. Zile zina mawakili wao na hazijui njia ya kuja kwangu. Watu wangu wana simu, wana M-Pesa au Airtel Money, na wana tovuti ya kurasa nne au tano. Basi.

Ombi langu nalisema mapema, ili hata mwenye haraka alipate. Kode ya Numeriki, yaani sheria ya mambo ya mtandao na kompyuta, Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, itoeni kwa Kiswahili, nzima, kama Katiba inavyowaagiza. Na mtu wa kutufafanulia awepo hapa Lubumbashi. Mengine yote nitakayoyaandika yanatokana na hilo.

Niwaeleze kilichonisukuma.

Katuba kuna mama mmoja anayeuza kwa jumla unga wa mahindi, ndakala (dagaa) na mafuta ya mawese. Mtaa mzima unamwita Mama wa Unga, nami nitamwita hivyo. Tovuti yake ina ukurasa wa bei, kwa sababu bei ya gunia hapa inabadilika wiki hadi wiki, hasa malori yakikwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na wateja wake wa Kipushi na Likasi walikuwa wamechoka kupiga simu kila asubuhi. Siku moja mwaka jana kijana aliingia kwenye depo lake, shati jeupe, beji shingoni. Akasema tovuti ile haina ruhusa ya Leta, yaani Serikali, na Kode inamtoza faini. Akafungua simu yake, akamwonyesha ukurasa wa Kifaransa, akaweka kidole juu ya neno moja: amende, yaani faini.

Neno hilo Mama wa Unga analijua. Hapa hakuna muuzaji asiyelijua, hata yule ambaye hakukanyaga darasa. Yaliyolizunguka, mistari kumi juu na mistari kumi chini, hakuyajua. Akalipa. Alipodai risiti alipewa nusu ya ukurasa wa daftari, bila muhuri, yenye tarehe, kiasi, na sahihi inayofanana na waya uliojikunja.

Sitasema kijana yule alijitaja kuwa wa huduma gani, maana sina uhakika kama alikuwa wa huduma yoyote. Ninalotaka mlione ni lile lililofuata. Mchana uleule mama alikuja kwangu na kile kikaratasi. Nina nakala ya Kode kwenye kompyuta, kwa hiyo tukakaa tukautafuta ukurasa alioonyeshwa. Aliukumbuka kwa umbo lake, jinsi mtu anavyokumbuka sura: kichwa katikati, namba chini yake, kisha mistari mifupi inayoanza kwa vistari. Tulipanda na kushuka mpaka jua likageuka. Tulipoupata, kumbe ulikuwa unawazungumzia wale ambao Kifaransa kinawaita prestataires de services de confiance.

Mama wa Unga alilitamka polepole, neno kwa neno. Kisha akaniuliza: "Confiance ni kuaminiana, si ndiyo? Basi ni mimi. Watu wananiamini. Nawapa unga kwa deni mpaka mwisho wa mwezi."

Hakuwa anatania. Alikuwa amefikiri sawasawa kwa maneno aliyokuwa nayo. Nikamweleza kwamba hapo sheria inasema juu ya wanaotoa saini za kielektroniki, vyeti vya kuthibitisha kwamba mtu wa upande wa pili ni yeye kweli, mihuri ya saa na tarehe. Depo la unga haliyagusi mambo hayo hata kidogo. Alinyamaza muda mrefu, akakunja kile kikaratasi mara mbili, akasema: "Kwa hiyo nimelipa faini ya watu wengine."

Waheshimiwa, Katiba ya 18 Februari 2006 inatutaja tangu kifungu chake cha kwanza. Inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Halafu kuna kifungu cha 142, ambacho nawaomba mkisome tena mkiwa mmekaa: ndani ya siku 60 tangu sheria itangazwe kwa saini ya Rais, Serikali inatakiwa iieneze kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha zile nne. Kwa Kode ya 13 Machi 2023 nimehesabu. Siku ya 60 ilikuwa Ijumaa, tarehe 12 Mei 2023. Mpaka ninapoandika barua hii Mama wa Unga hajashika nakala ya Kiswahili, wala mimi, wala mawakili wawili niliowauliza.

Mmoja wa mawakili hao aliniambia nijiandae na jibu moja: kwamba Kode ni amri-sheria, yaani amri ya Rais yenye nguvu ya sheria, wakati kifungu cha 142 kinasema "sheria". Nimelifikiria jibu hilo. Amri-sheria hii inaweza kumweka mtu gerezani. Inaweza kumlipisha faini kuzidi mtaji wake wote. Ikiwa ina nguvu ya sheria inapofika kwenye mfuko na kwenye mwili wa mtu, iwe na wajibu wa sheria pia inapofika kwenye masikio yake.

Jibu la pili nalijua bila kuambiwa na wakili: Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Nawaomba, msilitumie. Jirani zetu Watanzania walibadilisha sheria yao mwaka 2021, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria. Mwaka 2022 Bunge lao likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na leo Tume yao inawaeleza watu kwa Kiswahili nani ni mkusanyaji wa taarifa na nani ni mchakataji. Maneno yapo. Na sisi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uleule wa 2022, kwa hiyo kuwaomba kamusi yao si aibu. Najua Kiswahili chetu si cha Dodoma. Ugali sisi tunauita bukari, pesa tunaziita makuta, Serikali tunaiita Leta. Ndiyo maana kazi ile ifanywe na walimu wa sheria na wa lugha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kisha kabla ya kuchapishwa isomwe kwa sauti sokoni, mbele ya watu kama Mama wa Unga, ili tujue inasikika au haisikiki.

Mama wa keki ndiye aliyenifungua macho zaidi juu ya jambo hili. Nusu ya oda zake zinatoka Ubelgiji: mtoto aliye Liège au Brussels analipia keki, keki inapelekwa kwa mzazi wake Ruashi. Tovuti yake inawaita wateja hao waziwazi, hata bei imeandikwa kwa euro. Kwa hiyo sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inamhusu, hata kama tanuri lake liko Kampemba. Nilipokuwa nikimtafutia maandishi yake niliona orodha ya lugha ambazo sheria hiyo imechapishwa. Ni 24. Mojawapo ni Kimalta. Malta ni kisiwa chenye watu karibu nusu milioni. Mmalta mwenye duka la samaki anaisoma sheria nzima, kuanzia kichwa mpaka mwisho, kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Sisi tunaozungumza Kiswahili kuanzia Uvira mpaka Kasumbalesa ni mamilioni mangapi, na tunangoja.

Sasa niwaonyeshe gharama ya kungoja huko.

Baba wa vipuri alikuwa na jina zuri la mtandao, linaloishia na .com, wateja wa Kolwezi walilijua. Aliyemtengenezea tovuti ya kwanza, kabla yangu, alilisajili jina lile kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe. Kijana akapata kazi mgodini, akabadilisha namba, akapotea. Mwaka ulipoisha hakuna aliyelipa. Jina likaanguka, mgeni mmoja akaliokota, leo ukilifungua unakuta michezo ya kamari. Baba alikuja kwangu akiamini kwamba atakwenda polisi na kurudishiwa jina lake, kama mtu anavyodai baiskeli yake. Nilimweleza njia iliyopo. Kwa majina ya .com kuna utaratibu wa usuluhishi uliowekwa tangu 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO), lililoko Geneva, ni mmoja wa wasuluhishi. Ada yake kwa mwamuzi mmoja ni dola 1,500, tena mlalamikaji lazima athibitishe kwamba ana alama ya biashara na kwamba aliyechukua jina alilichukua kwa nia mbaya. Baba hakuwahi kusajili alama yoyote. Hakujua kwamba Kongo ina sheria ya mali ya viwanda tangu 7 Januari 1982. Nani angemwambia?

Na mimi, miaka ile ya mwanzo, niliwasajilia wateja sita majina kwa jina langu, kwa sababu ilikuwa rahisi. Nimeyarudisha yote kwa wenyewe. Lakini hakuna aliyenikataza, na hakuna karatasi niliyoweza kuisoma nikajua kwamba nawaweka watu hatarini.

Mtu asifikiri ni sisi wadogo tu tunaosahau. Mwisho wa 2020, jina moja la mtandao lililokuwa likibeba sehemu ya seva za .cd, yaani anwani ya nchi yetu nzima, liliachwa likaisha muda. Mtafiti wa usalama wa kampuni ya Kiswidi Detectify, Fredrik Almroth, aliliona likiwa sokoni, akalinunua yeye kabla halijaangukia mikono mibaya, na Januari 2021 akaeleza hadharani kilichotokea. Kama angekuwa mwizi, angeweza kuwapotosha watu waliokuwa wakitafuta tovuti za .cd akawapeleka anakotaka. Nalitaja kwa heshima, si kwa kuwasuta. Ikiwa mlinzi wa mlango wa nchi anaweza kusahau kulipia jina, muuza vipuri anahitaji kuelezwa mara ngapi, na kwa lugha gani?

Mzee wa nyumba za Golf naye ana lake. Mpangaji anayetaka nyumba anamtumia picha ya kadi yake ya uchaguzi kwa WhatsApp, maana hicho ndicho kitambulisho tulichonacho wengi. Nilipokuwa namtengenezea tovuti alinipa simu yake nichukue picha za nyumba. Nikawa napitisha kidole: sebule, kadi ya uchaguzi, choo kipya, kadi ya uchaguzi, mjukuu wake akila embe, kadi ya uchaguzi, kadi ya uchaguzi. Majina, tarehe za kuzaliwa, sura, anwani. Wengine walipanga na kuhama miaka mitatu iliyopita. Wengine hawakupanga kabisa. Na simu ile wajukuu wanaichezea, na fundi wa simu pale sokoni ameshaifungua mara mbili.

Mzee ni mtu mwema. Nilipomwambia kwamba Katiba, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu, na kwamba Kode ina sehemu nzima juu ya taarifa binafsi, kwamba unazikusanya kwa sababu uliyomwambia mwenyewe, unazilinda, na hukai nazo milele, alishtuka kweli. Aliniuliza maswali matatu: nizifute zote leo? Za wapangaji wa sasa nikae nazo muda gani? Na nikizifuta, mpangaji akikimbia bila kulipa nitamtafuta kwa kutumia nini? Hayo ni maswali ya mtu anayetaka kutii. Kode inataja Mamlaka ya Kulinda Taarifa. Basi tuambieni mzee huyu wa Lubumbashi agonge mlango upi hapa Lubumbashi. Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, barabara nzuri ya kumfikisha hakuna, na hata saa zetu si moja: sisi tukiwa saa nne, kule ni saa tatu.

Dada mshonaji aliibiwa picha. Mtu alichukua picha 30 za magauni yake kutoka kwenye tovuti, akafungua ukurasa wa Facebook wenye jina linalofanana na lake, akaweka namba yake mwenyewe ya Airtel Money na kuanza kupokea malipo ya awali. Wateja waliotapeliwa walikwenda kumgombeza dada dukani kwake. Mmoja alikuja na bibi harusi akilia. Sheria yetu ya hakimiliki ipo tangu 5 Aprili 1986, na utapeli ni utapeli hata bila kompyuta. Tulizunguka siku nne kati ya ofisi ambazo sitazitaja, kila moja ikitutuma kwa nyingine. Mwishowe nilijaza fomu ya kampuni ya Facebook yenyewe, ile iliyotokana na sheria ya Marekani ya 1998 inayompa mwenye picha haki ya kudai ziondolewe. Siku mbili baadaye picha zilikuwa zimetoka. Nilifurahi kwa ajili ya dada. Halafu usiku nilikaa nikasikia uchungu: mshonaji wa Lubumbashi, aliyeibiwa na mtu wa Lubumbashi, amesaidiwa na sheria ya Washington, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mlango ambao tuliweza kuuona.

Kisha dada akataka kuwaonya wengine. Alitaka kuandika kwenye ukurasa wake: jihadharini na namba hii. Nilimzuia, na mpaka leo sijui kama nilimtendea haki. Kifungu cha 360 cha Kode kinamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kwa mitandao ya kijamii au kwa njia yoyote ya kielektroniki: kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita, faini ya faranga 500,000 hadi 1,000,000, au mojawapo. Dada alikuwa anasema kweli. Lakini ukweli wake ulikuwa kwenye picha za skrini za wateja, na hatukujua kama jaji angezipokea. Kode hiyohiyo inakubali maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi, mradi mwandishi wake ajulikane na maandishi yasiwe yamechezewa. Kwa hiyo ulinzi wake ulikuwa ndani ya kitabu kilekile kilichokuwa kinamtisha, kurasa nyingi kabla. Kitisho kilimfikia kwa sababu watu wanakizungumza barabarani. Ulinzi haukumfikia kwa sababu hauzungumzwi. Akanyamaza, na ile namba ikaendelea kupokea makuta.

Hapo ndipo naona hatari kubwa ya sheria isiyotafsiriwa. Adhabu hujitafsiri zenyewe. Maagenti wanazijua, majirani wanazijua. Haki ndizo zinazobaki kwenye Kifaransa.

Nawaomba pia mkumbuke tumetoka wapi. Mwaka 2020 ilikuja tozo ya RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na 4G, ikikatwa moja kwa moja kwenye mauniti, yaani salio la simu. Watu waliweka mauniti asubuhi, mchana wakakuta yamepungua, wakadhani wameibiwa. Mwaka 2022 tozo ikaondolewa, lakini hasira ilikuwa imeshakaa. Kabla ya hapo, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa kuanzia 31 Desemba 2018, zikapita karibu siku 20 za Januari bila mtandao. Mimi nilipanda gari mpaka Kasumbalesa nikitafuta mtandao wa upande wa Zambia ili niwajibu wateja, na nilipowapata wawili walikuwa wameshanunua kwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Leo ukitamka "Kode" sokoni, kabla hujamaliza sentensi mtu anakuuliza: watakata kiasi gani?

Kuna sehemu ya Kode ambayo, kwa maoni yangu, ingewatuliza watu wengi ikielezwa. Ni ile inayopanga huduma za numeriki: zipi zinahitaji idhini, zipi zinahitaji tamko tu. Watu wangu wote wanaogopa upande wa idhini bila kujua wanasimama wapi. Chukueni mfano mlio nao tayari. Sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, tunazozifuata tangu 12 Septemba 2012, zinamtambua mfanyabiashara mdogo anayetangaza shughuli yake bila kulazimika kuandikishwa kwenye rejista ya biashara kama kompani. Semeni vivyo hivyo juu ya tovuti yenye kurasa nne, isiyohifadhi pesa za mtu na isiyouza saini za kielektroniki: mwenye tovuti ya namna hii anadaiwa hiki, hadaiwi kile, na kama kuna cha kulipa ni kiasi hiki, kinalipwa benki hii. Ukurasa mmoja, wenye muhuri wa wizara, ubandikwe kwenye komini zote saba za mji huu. Kijana wa shati jeupe akirudi, Mama wa Unga amwonyeshe ukurasa huo ukutani.

Bwana Gavana, hilo la kubandika halihitaji kungoja Kinshasa. Meza moja kwenye jengo la jimbo, mtu mmoja anayeijua Kode na anayezungumza Kiswahili cha watu, siku mbili kwa wiki, namba ya simu inayopokelewa. Nitamletea wateja wangu mimi mwenyewe, nikianza na mzee wa Golf na maswali yake matatu.

Na ninyi wabunge, ninyi ndio mnaoweza kumwita Waziri na kumuuliza mbele ya taifa: siku 60 za kifungu cha 142 zilikwenda wapi? Waulizieni wenzetu wa Kilingala, wa Kikongo na wa Tshiluba pia. Mshonaji wa Mbuji-Mayi ana dada yake huku kwetu.

Wakati nangoja jibu, nimeanza mwenyewe. Jumapili baada ya misa Mama wa Unga anakuja na binti yake aliye mwaka wa tatu wa sheria, tunafungua Kode, tunaandika Kiswahili chake kwenye daftari kubwa la mistari. Tunakwenda polepole. Tulipofika kwenye wale prestataires de services de confiance mimi niliandika "watoa huduma za uaminifu". Mama alisoma, akatikisa kichwa, akasema mtu atadanganyika palepale alipodanganyika yeye. Akachukua kalamu, akalifuta, akaandika juu yake "wathibitishaji". Binti akaangalia maana ya Kifaransa, akasema mama yake ana haki.

Tumefika kifungu cha 17. Daftari liko kwangu Kamalondo, pamoja na ile nusu karatasi isiyo na muhuri. Mtu wa wizara akitaka kulinakili, aje siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi.

Aksanti kwa kunisoma.

Mtengeneza tovuti wa Kamalondo